Kabla ya Jukwaa, Kabrasha

Hotuba ya ufunguzi wa mafunzo ya sera za umma na uongozi wa kiraia, jijini Tanga

Ndugu washiriki, wazee wetu mliotuheshimu kwa kufika, watumishi wa Jiji na wenzetu mliotoka Muheza, Pangani, Mkinga na Korogwe: assalaam alaykum. Tumsifu Yesu Kristo. Bwana asifiwe. Karibuni sana.

Tuanze na jambo litakalowaudhi baadhi yenu. Katika mafunzo haya hakuna somo la sifa za kiongozi bora. Hakuna somo la kujiamini mbele ya watu, wala la kushika kipaza sauti. Watu wa Tanga hawajawahi kupungukiwa na maneno, na anayebisha akakae baraza yoyote ya kahawa pale Ngamiani baada ya alasiri. Anayepungua ni mtu wa kuingia kwenye kikao akiwa amelisoma kabrasha. Tena lile lile nene, lenye majedwali ya mapato na matumizi kuanzia mwanzo mpaka mwisho, ambalo wengi hulifungua ukurasa wa ratiba kuangalia chai ni saa ngapi.

Uamuzi wa umma hufanyika kwenye karatasi fulani, tarehe fulani, mbele ya watu wenye mamlaka fulani. Tutamhesabu mshiriki kuwa amefunzwa siku atakapoweza kusema, kwa tatizo lolote la mtaani kwake, karatasi ni ipi, tarehe ni ipi na mwenye mamlaka ni nani. Ufasaha si dhambi, ila unakuja baadaye.

Chukueni muhtasari wowote wa kikao cha Kamati ya Maendeleo ya Kata. Mpangilio wake mnaujua: kufungua kikao, kuthibitisha ajenda, kusoma na kuthibitisha muhtasari uliopita, yatokanayo (yaani utekelezaji wa yaliyoazimiwa kikao kilichopita), taarifa, mengineyo, kufunga. Sasa mwangalieni mjumbe kijana mwenye hoja nzuri kabisa, tuseme ya taa za barabarani. Anaisubirisha mpaka mengineyo. Wakati huo ni saa nane mchana, nusu ya wajumbe wameshatoka kuswali au wanatazama saa, na mwenyekiti anasubiriwa msibani. Hoja inapigiwa makofi. Katibu anaandika, "Mjumbe alishauri suala la taa litazamwe." Hapo imekufa, tena imezikwa kwa heshima. Haina azimio, haina mhusika, haina muda wa utekelezaji, kwa hiyo kikao kijacho haiwezi kutokea kwenye yatokanayo, na kisichotokea kwenye yatokanayo hakuna mtu atakayekiulizia.

Dawa yake ni ya kiofisi tu. Mtendaji wa kata ndiye katibu wa kamati, na diwani ndiye mwenyekiti. Mwandikie mtendaji barua ya ukurasa mmoja kabla notisi ya kikao haijatoka, ukiomba jambo lako liwe ajenda yenye namba yake. Kama wewe si mjumbe, mpitie mwenyekiti wa mtaa wako, kwa sababu yeye ni mjumbe. Kisha fanya kile ambacho karibu hakuna anayekifanya: andika wewe mwenyewe maneno ya azimio unalolitaka. "Kamati inaazimia mtendaji wa kata amwandikie meneja wa TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, kuomba taa sita kati ya kituo cha afya na soko, na atoe taarifa ya majibu katika kikao kijacho." Katibu aliyechoka huipenda sentensi iliyokwisha kuandikwa. Ataichukua kama ilivyo.

Kwa baraza la madiwani utaratibu ni mrefu zaidi. Baraza hukaa kila robo mwaka, na kwa kawaida mambo hupikwa kwanza kwenye kamati za kudumu. Kamati ya fedha ndiyo jiko lenyewe. Mikutano ya kawaida ya baraza iko wazi kwa wananchi na waandishi wa habari; hutaruhusiwa kusema, lakini hukatazwi kukaa ukasikiliza na kuandika. Nendeni angalau mara moja kabla hatujamaliza. Kaeni mahali mnapomwona mkurugenzi, maana yeye ni katibu wa baraza na mtendaji mkuu wa halmashauri. Wengi wenu mnamchanganya na mkuu wa wilaya. Mkuu wa wilaya anaiwakilisha Serikali Kuu na ana nguvu zake, lakini hasaini malipo ya halmashauri.

Kosa la kuchanganya ofisi ndilo linalokula muda wa vijana wengi kuliko kosa lingine lolote. Mnaona mfereji umeziba, maji machafu yanaingia dukani kwa mtu, mnaandamana mpaka kwa diwani. Tulipasue tatizo lenyewe. Barabara za mitaani na mifereji yake ziko chini ya TARURA tangu wakala huo ulipoanza kazi mwaka 2017. Kabla ya hapo zilikuwa za halmashauri, na ndiyo maana wazee wetu bado wanamlaumu diwani. Ikiwa ni barabara kuu au ya mkoa, ni TANROADS. Taka ngumu zilizoziba mfereji ni jukumu la Jiji. Harufu ikionyesha kwamba kuna maji taka, ulizeni mamlaka ya maji. Mwenye kibanda aliyejenga juu ya mfereji anaguswa na sheria ndogo za Jiji. Mfereji mmoja, milango mitatu au minne, na kila mlango una bajeti yake na mwaka wake wa kuomba. Kikundi kinachoandika barua moja ya malalamiko "kwa wahusika wote" hujibiwa na wote kwamba suala lako liko kwa mwenzangu.

Hapa kuna tofauti ambayo washiriki kutoka vijijini wataifurahia. Kijiji kina nguvu kuliko mtaa. Halmashauri ya kijiji, yenye wajumbe kati ya 15 na 25, ni chombo kamili kisheria. Kinaweza kumiliki mali, kushtaki na kushtakiwa, na kutunga sheria ndogo zinazopitia kwenye mkutano mkuu wa kijiji na kuidhinishwa na halmashauri ya wilaya. Mkutano mkuu ni wa kila mkazi mwenye miaka 18 na zaidi, na unatakiwa uitishwe angalau kila baada ya miezi mitatu. Mtaa hauna uwezo huo. Kwa hiyo mwenyekiti wa mtaa akibandika tangazo la faini aliyoibuni yeye na kamati yake, muulizeni kwa adabu ni sheria ndogo ipi ya Jiji, ya mwaka gani, na ilitangazwa kwenye Gazeti la Serikali lini. Msigombane naye. Swali linatosha.

Tuje kwenye tarehe. Mwaka wa fedha unaanza tarehe 1 Julai na kuishia tarehe 30 Juni, hilo kila mtu analijua. Lisilojulikana ni kwamba ukija na hoja ya bajeti mwezi wa Mei, umechelewa kama abiria anayefika bandarini jahazi likiwa limeshatweka tanga. Mwongozo wa maandalizi ya mpango na bajeti hutoka kabla mwaka wa kalenda haujaisha. Kuanzia hapo mitaa na vijiji huibua vipaumbele kwa njia shirikishi ya kupanga iitwayo Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo. Kata huvichuja, wataalamu wa halmashauri huviingiza kwenye PlanRep, mfumo wa kompyuta wa mipango na bajeti, kamati na baraza huvipitisha mwanzoni mwa mwaka, vinakwenda mkoani na TAMISEMI, ofisi inayosimamia serikali za mitaa, na Aprili Bunge la bajeti linaanza kukaa Dodoma. Dirisha la mwananchi wa kawaida ni kati ya Novemba na Januari. Likifungwa, mnabaki kuomba mapitio ya bajeti, na hapo mtaambiwa fedha zimekwisha kupangwa, na mtakuwa mmeambiwa kweli.

Mambo huharibikaje katika kuibua vipaumbele? Mara nyingi mkutano wa mtaa hutoa orodha ya mambo kumi na tano bila gharama wala mpangilio. Kata inapokea orodha za namna hiyo kutoka mitaa yote. Mchumi wa halmashauri ana ukomo wa bajeti na siku chache. Anachukua linalofanana na mradi ulioko tayari kwenye mfumo, kwa sababu lina msimbo na makadirio. Si njama. Ninyi mkiwa na mambo mawili tu, yenye makadirio yaliyofanywa na fundi au mhandisi, eneo lisilo na mgogoro na muhtasari wa mkutano wenye mahudhurio yaliyosainiwa, mmemrahisishia kazi, naye ni binadamu.

Washiriki wengine mnaiogopa hesabu. Tutaanza na ndogo. Kwa utaratibu uliowekwa elimu bila malipo ilipoanza mwaka 2016, ruzuku ya uendeshaji kwa mwanafunzi wa shule ya msingi ni shilingi 10,000 kwa mwaka, na kati ya hizo 4,000 hubaki juu kwa ajili ya vitabu. Shule yenye wanafunzi 640 basi inatarajia 640 mara 6,000, yaani shilingi 3,840,000 kwa mwaka, sawa na 320,000 kwa mwezi. Nenda shuleni, angalia ubao wa matangazo, linganisha. Fedha ikipungua, usikimbilie kusema imeliwa. Uliza kwanza idadi ya wanafunzi iliyotumika kugawa ni ya mwaka gani. Shule iliyopokea darasa la kwanza kubwa Januari inaweza kuwa inalipwa kwa takwimu za zamani, na kosa la namna hiyo linarekebishwa kwa fomu, kelele haina nafasi hapo. Hesabu hii ni ya mistari mitatu, na mkutano wa wazazi wenye mtu mmoja aliyeifanya huwa mkutano tofauti kabisa.

Kisha tutapanda. Jiji hili lina mfano unaostahili kusomwa na wanafunzi wa sera, nao uko kwenye bomba la nyumbani kwako. Mwaka 2024 mamlaka yetu ya maji, Tanga UWASA, iliuza hatifungani ya kijani, yaani hati ya kukopa kwa wawekezaji kwa ajili ya miradi inayojali mazingira, ya shilingi bilioni 53.12, ya miaka 10, kwa riba ya asilimia 13.5 kwa mwaka, ikaorodheshwa Soko la Hisa la Dar es Salaam. Ulizeni mezani kahawani, mtaambiwa "Serikali imeleta hela za maji". Hapana, ni deni, na wa kulilipa ni mapato ya ankara zenu. Piga hesabu: wakati mtaji wote haujaanza kurudishwa, riba peke yake kwa mwaka ni karibu shilingi bilioni 7.17. Kila uniti ya maji inayovuja barabarani bila kupita kwenye mita ni lita 1,000 ambazo hazichangii kulipa. Kwa hiyo kijana anayeripoti bomba lililopasuka anafanya kazi ya fedha za umma, ajue au asijue.

Tena mkataba wa namna hiyo hauishii mjini. Maji yetu yanatoka bwawa la Mabayani, kwenye mto Zigi, na Zigi unashuka kutoka Usambara Mashariki. Mkulima akilima kingoni kule juu Amani, tope linashuka, na kusafisha maji kunapanda bei. Huyo mkulima yuko wilaya ya Muheza, hapigi kura Tanga mjini, na diwani wetu hana la kumwamuru. Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani inaingia, halmashauri mbili zinaingia, vikundi vya wakulima vinaingia. Hapo ndipo mtakapoona kwa nini sera huhitaji makubaliano yenye fedha ndani yake: mkulima anaacha mita kadhaa za ukingo, anapata nini? Wiki nzima tutaikalia habari hii, na Muheza watakaa upande wa Muheza, msiwasemee.

Kuhusu bomba lingine, lile la mafuta ghafi la kilomita 1,443 kutoka Hoima nchini Uganda mpaka Chongoleani, tutalipitia kwa upande mmoja tu: ushuru wa huduma. Sheria ya fedha za serikali za mitaa inaruhusu halmashauri kutoza asilimia ndogo ya mauzo ghafi ya kampuni zinazofanya biashara katika eneo lake. Washiriki wenye taaluma ya uhasibu mtatusaidia kueleza kampuni inayojenga hapa lakini imesajiliwa mji mwingine inalipa wapi. Swali hilo ni chungu na limewahi kugombanisha halmashauri jirani.

Sasa mtaandika nini? Zao la mafunzo ni dokezo la kurasa mbili. Sentensi ya kwanza iseme uamuzi gani unaombwa, kwa nani, na kabla ya lini. Baada yake tatizo kwa takwimu mlizozihesabu wenyewe, njia tatu zinazowezekana, mojawapo ikiwa kuacha mambo yalivyo na gharama ya kuyaacha, halafu njia mnayoipendekeza, bei yake na chanzo cha fedha. Mwisho, nani ataumia. Kila sera ina wa kuumia, na dokezo lisilomtaja humfanya msomaji ashuku kwamba hamkufika kwenye eneo. Kuna maneno mawili ambayo yakionekana dokezo linarudishwa bila kusomwa: "Serikali iangalie" na "elimu itolewe kwa wananchi". Iangalie nini, kwa macho ya nani? Elimu itolewe na nani, kwa fungu lipi? Kama kweli elimu ndiyo dawa, weka idadi ya mikutano, mafuta ya gari na posho ya mwezeshaji, uone kama bado unaipenda.

Wanasheria na walimu mtakaochambua miswada, fomu yenu ni jedwali la safu nne: namba ya kifungu, kinachosemwa, tatizo, na maneno mapya mnayoyapendekeza. Kamati za Bunge zikiita wadau hutoa muda mfupi, na mjumbe hana nafasi ya kusoma insha. Mkimpa maneno yaliyo tayari kuingizwa, mmempa kitu cha kushika.

Somo litakalotuchukua muda mrefu kuliko yote ni la ujenzi wa shule na zahanati kwa fedha zinazopelekwa kwenye jamii, ambapo huundwa kamati ya ujenzi, kamati ya manunuzi na kamati ya mapokezi. Watu hupigania kamati ya manunuzi. Ile ya mapokezi hupewa bibi mpole na mwalimu wa michezo, wakati ndiyo mlango wa mwisho. Lori linafika magharibi, dereva ana haraka, karatasi inasainiwa. Mchanganuo unasema nondo za milimita 12, zilizoshushwa zinaonekana nene vya kutosha. Zipimeni. Nondo ya milimita 12 ina uzito wa gramu 888 kwa kila mita, ya milimita 10 ni gramu 617. Kipande cha mita 12 basi kiwe na karibu kilo 10.7; mkipata 7.4 mmeletewa ya kumi, na nguzo ya darasa haitawaambia mpaka siku imepasuka. Mizani ya mwenye duka la nafaka inatosha. Saruji hesabuni mifuko, na tarehe ya kutengenezwa isomwe. Mchanga na kokoto pimeni sanduku la lori kwa futi kabla halijamwaga, maana likishamwaga kila mtu ana jibu lake. Msisaini usiku. Andikeni idadi mliyoipokea, hata kama hati ya muuzaji ina idadi nyingine, na kila mmoja abaki na picha ya hati kwenye simu.

Maneno machache kwa watumishi. Mnaogopa, na mna sababu. Hatumtaki mtu atoe jalada nje ya ofisi wala kuvujisha barua ya siri. Yanayohitajika ni ya wazi: bajeti iliyopitishwa, mapato na matumizi yanayotakiwa kubandikwa, taarifa ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu ambayo huwasilishwa bungeni kila mwaka mwezi Aprili. Zaidi ya hapo ipo Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016: ombi linaandikwa, na ofisi ina siku 30 za kujibu. Vijana, msiandike "tunaomba taarifa zote za mradi". Ombeni waraka mmoja, wenye jina na mwaka. Ombi pana ni rahisi kukataliwa.

Kuhusu posho, tuyamalize sasa hivi ili tusinung'unikiane. Nauli italipwa kwa umbali, kiwango ni kimoja kwa wote, kimebandikwa mlangoni, na chakula cha mchana kipo. Hakuna bahasha ya kufungia. Mafunzo mengi katika nchi hii yameuawa na bahasha: wanakuja wale wale wanaojua orodha za semina, wanasaini, saa saba wametoweka. Tumewapanga vikundi vya watu watano, kila kimoja kina mtu wa hesabu, mtu wa sheria au ualimu, na angalau wawili walio chini ya miaka 30. Vyama mnavyo, tunajua, na vimechanganywa makusudi ndani ya kila kikundi. Sare na kofia za chama zibaki nyumbani. Elimu ya mpiga kura haitatolewa hapa, kwa kuwa ina kibali chake kutoka Tume ya Uchaguzi.

Vikundi vitakavyoshughulika na mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ile ya nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa watu wenye ulemavu, mjiandae kwa kazi ngumu zaidi ya mnavyodhani. Utoaji wake ulisimamishwa mwaka 2023, ukarudi kwa utaratibu mpya. Msiulize tu nani alipewa. Ulizeni marejesho yamefikia kiasi gani, kwa kikundi na kwa aina ya biashara, kisha mtaona bodaboda, ufugaji wa kuku na mama lishe havirudishi kwa mwendo mmoja, na mkataba wa marejesho wa kila mwezi haumfai mtu anayeuza mazao mara mbili kwa mwaka.

Kazi ya kwanza ni ya kabla ya Jumamosi ijayo. Kila kikundi kitembelee mbao tatu za matangazo: ya ofisi ya mtaa au kijiji, ya shule ya msingi ya serikali, na ya zahanati au kituo cha afya. Nakilini kilichobandikwa kuhusu fedha: kiasi, kipindi, saini ya nani, tarehe ya kubandikwa. Ubao ukiwa mtupu andikeni "mtupu", na tarehe na saa mliyofika. Jitambulisheni kwanza kwa mtendaji au mwalimu mkuu, barua za utambulisho mtapewa, nakala imeshakwenda kwa mkurugenzi. Msipige picha za wagonjwa wala za watoto. Fomu ziko mezani pale mlangoni, nakala mbili kwa kila kikundi. Ya pili mwachieni mwenye ofisi.